Vifaranga Wasiolia

Hasina, Mama Bilan kwa majirani, alikuwa mtu wa kusamehe haraka, na mtaa mzima wa nyuma ya msikiti mjini Kitale ungekuapia hivyo. Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye msamaha wake ulikuwa umemkwama kooni kwa miaka miwili. Mtu huyo aliitwa Kibe, na kazi yake ilikuwa kupakia mizigo kwenye gari la vifurushi pale steji.

Kosa la Kibe, kama Hasina alivyolisimulia kwa yeyote aliyekuwa na dakika tano za kupoteza, lilikuwa hivi. Hasina aliuza kompyuta zilizotumika. Alizinunua kwenye maofisi yaliyokuwa yanazitupa, akazifungua, akazipuliza vumbi, akabadilisha kilichochoka na kuziuza kwa watu wasioona haya kutumia kitu cha mkono wa pili. Mteja wake mkubwa alikuwa Rosaline, aliyeketi naye dawati moja sekondari, ambaye sasa alikuwa na darasa la kompyuta la akina mama mjini Bungoma, juu ya duka la vitambaa. Mara mbili Hasina alimtumia mashine nne nne, kila moja ndani ya katoni nene, imezungushiwa utepe mara tatu, na juu imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba kilicho ndani huvunjika. Mara mbili zilifika zimekufa. Katoni zenyewe hazikuwa na hata mkunjo, lakini ukifungua unakuta bodi imechubuka na vidude vyake vidogo vimeng'oka.

Sasa, ni nani alizigusa? Kibe. Ni nani mwenye viganja vipana kwa sababu ya kubeba magunia ya mahindi tangu ujana? Kibe. Hasina hakuhitaji hakimu. Alikwenda steji, akasema maneno yake mbele ya wapakiaji wote na mama wa chai, na Kibe, ambaye hakuwa mtu wa kujibizana, alisikiliza mpaka mwisho kisha akarudi kwenye magunia. Tangu hapo hawakusalimiana. Ubaya ni kwamba ulimi wa Hasina ulikuwa na utamu wake, na maneno yake yalishika. Kikombe kikianguka mkahawani, mtu anasema, "Mikono ya Kibe hiyo." Mtoto akimwaga uji, mama yake anasema vivyo hivyo. Kitale ni mji mkubwa, lakini kwa mambo ya namna hiyo ni kijiji tu.

Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, Rosaline alipiga simu. Wakaguzi wa mitihani walikuwa wanakuja Ijumaa kuona kama darasa lake linafaa kuwa kituo cha mtihani. Vioo vya kompyuta alikuwa navyo, kibodi alikuwa nazo, viti alikuwa navyo, lakini alikosa mashine sita. Zisipokuwepo, zikiwa zinawaka, akina mama wake kumi na mmoja waliosoma mwaka mzima wangengoja mwaka mwingine, na Rosaline aliwajua vizuri, alijua ni wangapi wangerudi.

"Hasina," alisema, "nakuagiza wewe kwa sababu ni wewe. Lakini hizi zikifika zimekufa, nitanunua Eldoret. Sitakukasirikia. Nitanunua tu Eldoret."

Afadhali angemtukana. Hasina aliweka simu chini na kukaa akiitazama kama imemfanyia vibaya. Fundi wa vitu vya mkono wa pili hana kitu kingine cha kuuza ila jina lake. Jina likishachafuka kwa Rosaline, mtu aliyemjua tangu enzi za sketi za shule, litasafishwa na nani?

Na gari la kwenda Bungoma lilikuwa lile lile moja, na mpakiaji alikuwa yule yule.

Kesho yake asubuhi, akiwa amesimama mlangoni pa duka lake na kikombe cha chai, alimwona Kibe akitoka kwenye agroveti ya jirani yake Nilesh. Nilesh aliuza dawa za mifugo, mbegu, na vifaranga wa siku moja waliokuja kutoka kwa watotoleshaji kwenye maboksi mapana yenye matundu, mia kwa kila boksi. Kibe alikuwa amebeba boksi moja la vifaranga. Alilibeba kwa mikono miwili, mbele ya kifua, sambamba na ardhi. Alisimama kungoja bodaboda ipite. Alivuka mtaro kwa hatua ndogo ndogo. Alipofika kwenye gari lililosimama ng'ambo ya barabara hakulirusha juu, alipanda nalo, akalitafutia mahali penye hewa, akainama kusikiliza kama wote wanalia.

Hasina alisahau chai yake. Kumbe mtu huyu anajua kubeba.

Aliingia kwa Nilesh na kumwomba maboksi sita ya vifaranga ambayo hayajatumika. Nilesh, ambaye alirithi duka hilo kwa baba yake pamoja na tabia ya kutouliza mteja maswali mengi, safari hii aliuliza. Hasina alipomweleza, Nilesh alikuna kidevu na kusema kwamba yeye huuza vifaranga wenye uhai peke yake, na kwamba wakifufuka njiani asije akadaiwa chakula chao. Lakini maboksi alitoa.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Hasina alivua sweta lake la sufu, ingawa Kitale ya Juni si mahali pa kuvua sweta, kwa sababu sufu hubeba umeme mdogo usioonekana, na umeme huo ukiruka kutoka kidoleni kwenda kwenye bodi, bodi imekwisha bila hata kutoa moshi. Alishika bomba la maji kwanza, kama alivyofanya siku zote, ndipo akagusa mashine. Ndani ya kila boksi alikata kuta za kadibodi zinazowatenganisha vifaranga, akatandika trei za mayai chini, akaweka mashine iliyoviringishwa magazeti tabaka juu ya tabaka, akaziba kila pembe mpaka akitikisa hasikii kitu, akaweka trei nyingine juu.

Tatizo lilikuwa uzito. Boksi la vifaranga limetengenezwa kubeba manyoya, si chuma. La kwanza alipolinyanyua, kitako kilibonyea na kutishia kuachia. Akakaa akafikiri. Mwishowe alizifungua mashine zote tena na kuvitoa viungo vizito kimoja kimoja: kasha la umeme, diski, na lile bonge la alumini lenye feni juu yake linalokaa juu ya ubongo wa mashine kuupoza. Kila kimoja alikivika kitambaa cha pamba na kukipanga kwenye mabegi mawili ambayo angesafiri nayo mwenyewe Alhamisi. Sasa maboksi yalinyanyuka bila kulalamika. Alifunga vifuniko, akachukua kalamu, ila safari hii hakuandika habari ya vitu vya kuvunjika. Aliandika: VIFARANGA HAI, SIKU MOJA. USIGEUZE. USIFUNGUE.

Jumatano saa sita kasoro alifika steji na mkokoteni. Kibe alisoma maandishi. Akanyanyua boksi la kwanza, akasimama nalo kidogo, akamtazama Hasina. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alimsemesha.

"Hawa wametulia sana."

"Wamechoka," alisema Hasina.

Kibe aliyabeba yote sita, moja moja, kwa mikono miwili, mbele ya kifua. Aliyapanga yasikaliane, akafunga kamba bila kuikaza, na dereva alipotaka kusukumia gunia la viazi karibu yake, Kibe alimkataza. Hasina alirudi dukani akitembea kwa madaha. Alimwambia mumewe Daud kwamba akili ni nywele, na kila mtu ana zake. Daud alicheka, kisha akamuuliza kwa upole kama alikuwa na hakika kwamba ule si uongo. Hasina alisema ni ufungaji.

Saa kumi jioni simu ililia. Namba ngeni.

"Mama, mimi ni Eliakim, karani wa mizigo hapa Bungoma. Vifaranga yako imefika salama." Sauti ilikuwa ya mtu mzima, ya heshima, na yenye jambo zito. "Lakini mama, hailii."

Hasina alisema wamelala.

"Mia sita yote imelala?"

Hapo ndipo mtu mwenye busara angesema kweli. Hasina alifungua mdomo kuisema, halafu akawaona mbele ya macho yake watu wa Bungoma wakisikia neno kompyuta na kuzitupa kule kwenye kona pamoja na mikungu ya ndizi. Akafunga mdomo. Ulipofunguka tena ulikuwa unaeleza kwamba hawa ni aina mpya, wapole sana, hawana kelele. Eliakim alisema yeye mwenyewe anafuga kuku tangu akiwa kijana, ana zaidi ya mia mbili nyumbani, na aina isiyopiga kelele angeitaka hata kesho, kwa ajili ya majirani. Akamhakikishia asiwe na wasiwasi, atawaangalia kama wake.

Hilo la kuwaangalia kama wake ndilo Hasina hakulipima. Saa moja baadaye Eliakim alipiga tena kutoa ripoti. Bungoma kulikuwa na mvua na baridi, kwa hiyo amewasha jiko la makaa, ameyapanga maboksi kulizunguka, na ameyafunika blanketi lake la kazini, akiacha matundu wazi. Sasa alikuwa anatafuta kijiko, kwa sababu kifaranga akitoka safari lazima apewe maji yenye glukosi.

"Usiwape maji," alisema Hasina, na sauti yake ilipanda juu kuliko alivyokusudia. "Wamechanjwa. Wasinywe mpaka kesho."

"Ati wasinywe? Si hiyo chanjo yenyewe wanapewa ndani ya maji?" Eliakim aliguna kwa huruma. "Mama, wewe hujafuga kuku. Wachia mimi. Sifungui, mzigo ya mtu ni kama barua yake. Nitawadondoshea tu kwa tundu."

Akakata. Hasina alipiga, hakupokea. Alipiga tena na tena. Kwa akili yake alimwona mzee yule amepiga magoti na kijiko, akidondosha maji matamu juu ya bodi sita, kwa upendo. Alikuwa ameweka ulinzi dhidi ya kurushwa, kupigwa, kugeuzwa na kukaliwa na magunia. Dhidi ya huruma hakuwa ameweka kitu.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Daud kutoka jikoni, naye alilisema bila ubaya, huku akimletea sahani ya chakula ambacho Hasina hakukigusa.

Asubuhi ya Alhamisi Hasina alipanda gari la kwanza na mabegi yake mawili. Kamukuywa ilipita, Misikhu ikapita, naye hakuona hata muwa mmoja. Alikuwa anahesabu matone. Vijiko vingapi kwa tundu? Matundu mangapi kwa boksi? Saa tatu kasoro aliingia ofisi ya mizigo ya Bungoma akihema, na watu wawili waliokuwa pale wakageuka.

Mmoja alikuwa Rosaline, amekuja kuchukua kompyuta zake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa mara tatu kwamba kutoka kwa Hasina wa Kitale hakuna kompyuta, kuna vifaranga. Mwingine alikuwa mzee mwembamba, kofia mkononi. Nyuma yake, kuzunguka jiko lililokuwa limebaki majivu, maboksi sita yalikuwa yamelala chini ya blanketi la kijivu.

"Mama," alisema Eliakim, "keti kwanza."

Hasina aliketi.

"Nimefanya yote. Moto nimewapa. Maji nimewapa, na glukosi yangu mwenyewe. Jioni nimeita hata watu wa ushirika wetu wa kanisa, tukasimama hapa tukaomba. Lakini asubuhi nimeweka sikio kwa kila boksi." Alitikisa kichwa taratibu. "Pole sana, mama. Hakuna hata moja imebaki."

Macho yake yalikuwa mekundu. Hasina aliyatazama, na aibu ikampanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Mtu huyu alikuwa amewalilia vifaranga ambao hawakuwahi kuanguliwa. Uongo wote aliokuwa ameutayarisha garini, habari za chanjo na za aina mpya, ulimwisha mdomoni.

"Mzee, nisamehe," alisema. "Hakuna vifaranga. Ni kompyuta."

Eliakim alitazama maboksi. Akamtazama yeye. Akayatazama tena maboksi.

"Tumeombea kompyuta?"

Rosaline ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia kwa kuziba mdomo na kanga, lakini kicheko kilimtokea puani, na alipoona Eliakim anaendelea kuyatazama maboksi kama anangoja mojawapo limjibu, aliketi juu ya gunia la mtu na kucheka mpaka machozi. Eliakim hakucheka. Alivaa kofia yake, akaivua, akasema kwamba ametumia makaa ya wiki nzima, kwamba kesho watu wa ushirika watamuuliza wale vifaranga waliendeleaje, na yeye si mtu wa kudanganya kanisa. Kila neno lilikuwa haki, na Hasina aliyapokea yote kichwa chini.

Kisha alifungua boksi la kwanza. Trei ya juu ilikuwa imelowa na kulegea. Gazeti la kwanza lililowa, la pili likawa na unyevu, la tatu lilikuwa kavu. Alipofika kwenye mashine aliiwekea kiganja. Ilikuwa kavu kabisa, na vuguvugu. Akafungua la pili, la tatu, mpaka la sita. Trei za mayai zilikuwa zimenywa glukosi yote. Hakuna tone lililofika ndani.

"Bado hatujui kama zinawaka," alisema Rosaline, akijipangusa macho, na kicheko kilikuwa kimemtoka. "Hata zile zingine kwa nje zilikuwa nzuri."

Walizipeleka darasani, na Eliakim akafunga ofisi saa ya chakula na kuwafuata. Alisema ana haki ya kuona wanavyototolewa. Akina mama wa darasa, ambao walikuwa wamesikia habari yote kabla maboksi hayajafika ngazini, walisimama kando ya ukuta. Hasina alishika chuma cha dirisha, akakunja mikono ya buibui, akaanza kurudisha viungo mahali pake. Kasha la umeme. Diski. Kisha bonge la alumini na feni yake.

Bonge hilo hushikiliwa na vijiti vinne vya plastiki vinavyopenya kwenye bodi. Hasina alikuwa amezirudisha mashine mbili bila taabu. Kwenye ya tatu alibonyeza kijiti kwa kidole gumba, kidogo tu, kama anavyobonyezwa mtoto shavuni, na kijiti kikakatika. Alikiokota na kukiweka mwangani. Plastiki ilikuwa imekauka kwa miaka ya joto, imekuwa ya njano, inavunjika kama biskuti. Akajaribu kijiti cha jirani yake. Nacho kikakatika.

Hasina aliacha kufanya kazi. Alilinyanyua lile bonge na kulipima mkononi. Lilikuwa zito, lina kingo kali. Alifikiria gari likipita kwenye mashimo, na kitu hiki kikining'inia ndani ya mashine kwa plastiki iliyooza, kinakatika, kinaanguka, kinagongagonga huku na huku juu ya bodi njia nzima, ndani ya katoni nzuri isiyo na mkunjo. Mara mbili alikuwa amezifunga kwa nje na kumwacha mvunjaji ndani. Kila katoni ilikuwa imebebwa ikiwa na nyundo yake tumboni, na aliyeitia alikuwa yeye.

"Nini?" aliuliza Rosaline.

Angeweza kusema kijiti kimekatika, na ingekuwa kweli. Lakini alikuwa amechoka na kweli za nusu.

"Zile za kwanza ni mimi nilizivunja," alisema. "Si Kibe. Hili dude lilikuwa ndani, na mimi sikulitoa. Safari hii nimelitoa kwa sababu maboksi yalikuwa dhaifu tu."

Rosaline alikitazama kijiti, kisha akamtazama rafiki yake. "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," alisema. Halafu, kwa sababu alimpenda, akaongeza kwamba maneno mengine yangoje, kuna mashine nne zimebaki, na akatuma mmoja wa akina mama akatafute vijiti vya chuma kwa fundi wa baiskeli kule chini barabarani. Hasina alivifunga. Saa tisa na robo aliwasha swichi ya ukutani. Vioo viwili viliwaka, kisha vitatu, kisha vitano. Cha sita kilibaki cheusi kwa muda ambao darasa zima halikupumua, halafu nacho kikajaa buluu. Wakapiga vigelegele. Eliakim aliinama mbele ya mashine ya sita, akasikiliza feni yake ikivuma, na hatimaye akatabasamu.

"Sasa hii inalia," alisema.

Ijumaa wakaguzi walikuja, wakabonyeza hiki na kile, wakaandika karatasi, wakanywa chai, na kabla ya saa saba darasa la Rosaline lilikuwa kituo cha mtihani. Rosaline aliagiza mashine nne zaidi palepale. Hasina alipaswa kurudi Kitale akiimba. Alifurahi, hilo ni kweli, alifurahi mpaka mashavu yakamuuma. Lakini kila furaha ilipotulia alikisikia kile kijiti kikikatika.

Jumamosi asubuhi hakupitia dukani. Alikwenda moja kwa moja steji, saa ambayo alijua wapakiaji wote wapo na mama wa chai amekwisha kumimina. Kibe alikuwa juu ya gari anapanga magunia. Hasina alimwita kwa jina, na wengine wakanyamaza, kwa sababu waliikumbuka mara ya mwisho alipomwita. Kibe alishuka, akasimama mbele yake na uso wa mtu anayengoja mvua.

Hasina alisema kwa sauti ile ile aliyoitumia miaka miwili iliyopita, ili kila aliyesikia lile asikie na hili. Alisema kompyuta zile nane hazikuvunjwa na Kibe. Zilivunjwa na yeye mwenyewe, Hasina, kwa sababu hakuzifunga kwa ndani. Alisema maneno aliyoyatawanya mjini yalikuwa ya uongo, na kwamba atakayemsikia mtu akisema "mikono ya Kibe" amtume kwake. Kisha akasema na lile la vifaranga. Wapakiaji walicheka sana, na mama wa chai alilazimika kuweka birika chini.

Kibe peke yake hakucheka.

"Hiyo ya vifaranga nilijua," alisema. "Kifaranga ukiinamisha boksi wanakimbia upande moja. Unasikia kwa mkono uzito umehama. Yako ilikaa tu, kama tofali."

Hasina alimkodolea macho. Alikuwa amekesha usiku kucha na uongo ambao haukupita hata mkono wa kwanza.

"Sasa kama ulijua ni kompyuta," aliuliza, "kwa nini ulizibeba vile?"

Kibe alifikiri kidogo, kama mtu ambaye swali lenyewe limemshangaza.

"Hata hizo zingine nilibeba vile vile, Mama Bilan. Ni wewe hukuwa unaangalia."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana Hasina alikosa pa kuweka macho. Kibe alimwacha asimame hivyo kwa muda, muda wa haki, kisha akajipangusa mikono kwenye suruali na kumuuliza kama leo alikuwa na mzigo wowote wa kwenda Bungoma.